Firigisi ya Mwenye Nyumba

Kasoro ya kwanza ilikuwa sahani tupu. Milcah aliiona, akaitafutia sababu, akaendelea na kazi zake. Wapishi hawakosi sababu. Chumvi ikizidi kosa ni la kiwanda, wali ukiungua kosa ni la gesi, na firigisi ikitoweka mezani katika nyumba isiyo na paka wala mtoto, basi huenda mpishi aliila mwenyewe akasahau.

Ila Milcah hakuwa ameila, na alijua hakuwa ameila. Kwao Bungoma firigisi ya kuku ndiyo imondo, na imondo ni ya mwenye boma. Mwanamke huipika, huitenga kwenye sahani yake, humpelekea mumewe. Kuila yeye ingekuwa aibu ambayo marehemu mama yake angefufuka kuja kuisema.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Bwana na Bi Kihara, huko Kitisuru, nyuma ya ua mrefu wa michongoma. Wenyewe walikuwa wamesafiri tangu Januari kwenda Kanada kumwona mjukuu, na hawangerudi hadi Agosti. Waliacha watu wawili: Omollo, askari wa getini, na Milcah, mpishi wao wa miaka sita, ambaye kazi yake sasa ilikuwa kufungua madirisha asubuhi, kupangusa vumbi na kuyafunga jioni. Alilala kwenye chumba chake uani, karibu na kamba za nguo. Binti yake wa miaka minane, Namalwa, alikaa Kangemi kwa dada yake Milcah aitwaye Millicent. Kila Jumapili Milcah alikwenda kumwona. Hakuwa amekosa hata Jumapili moja tangu mtoto aanze shule, na kama kuna kitu alichojivunia duniani ni hicho.

Video alizianza kwa upweke. Aliegemeza simu kwenye kopo la sukari, akapika mrenda na kunde, akaongea na watu arobaini, wengi wao wa kanisani. Alikuwa na mdomo mtamu, hilo halina ubishi. Siku moja, bila kufikiri, alifungua mikono mbele ya ile meza ya marumaru na dirisha linalotazama bustani, akasema, "Karibuni nyumbani kwangu." Watu wakaamini. Mama tajiri wa Kitisuru asiyeona haya kumenya kitunguu mwenyewe na kula mrenda kwa mkono! Waliotazama wakawa elfu nne, kisha elfu arobaini, kisha laki mbili. Milcah alikuwa na nafasi ya kuwasahihisha kila siku saa kumi alasiri, alipowasha simu kupika nao, na kila siku saa kumi alasiri aliiacha ikapita. Tusimcheke sana. Mtu aliyeitwa "wewe" miaka sita akiitwa "malkia" na watu laki mbili, si rahisi akatae.

Tatizo la watu laki mbili ni maswali yao. Mum, mbona hatuoni mzee? Buda ako wapi? Mrembo hivi na hakuna mwanaume kwa nyumba? Baba yake Namalwa aliondoka kabla mtoto hajaota jino, na hilo si jambo la kusimulia hadharani. Basi Alhamisi moja, akipika kuku wa kienyeji, Milcah aliopoa firigisi, akaiweka kwenye kisahani cheupe chenye ukingo wa buluu, akakipeleka kwenye kiti cha kichwani mwa ile meza ndefu ya chakula iliyoonekana nyuma yake. Akaitazama simu, akacheka.

"Hii ni ya mwenye nyumba," alisema. "Karibu baba, chakula iko tayari."

Aliporudi kukusanya vyombo, kisahani kilikuwa tupu na kikavu, hakina hata tone la mchuzi. Kiti kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo, kiasi cha kumpisha mtu aketi.

Asubuhi iliyofuata video hiyo ilikuwa imetazamwa mara milioni moja. Milcah aliketi kitandani na kuyasoma maoni, mwanzoni akitabasamu. Watu hawakuzungumzia kuku. Waliandika kwamba hatimaye wamemwona mzee, ni mrefu aki, shati lake ni jeupe sana, lakini mbona amesimama tu nyuma yako na mbona hageuki tuone uso? Milcah aliitazama video hiyo mara sita. Aliona meza, kiti na dirisha. Mtu hakumwona.

Angeacha pale. Alitaka kuacha pale. Lakini Jumamosi alipokwenda Westlands kununua sabuni, wasichana wa supamaketi waliacha kazi wakamzunguka kupiga picha naye, na mzee mmoja mwenye suti akampisha foleni. Jioni yake akapigiwa simu na kijana anayeitwa Dan, wa ofisi moja ya matangazo kwenye yale maghorofa ya Westlands, akamwambia kwamba kisahani kile ndicho watu wanachosubiri na asithubutu kukiondoa. Milcah alijiambia kuwa waliomwona mtu waliona kivuli cha pazia. Akapika kuku wa pili, na wa tatu. Kila mara alitenga firigisi, kila mara alisema maneno yaleyale, na kila mara kisahani kilirudi kikavu.

Maneno hayo yalishika nchi. Wanawake wa Kakamega, wa Nakuru, hata wa ughaibuni walijirekodi wakitenga firigisi mbele ya kiti kitupu na kusema hii ni ya mwenye nyumba. Namalwa naye, kwa simu ya Millicent, alimpigia mama akamwonyesha jinsi anavyoiga kwa kisufuria cha plastiki. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama yule mtu wa shati jeupe ndiye baba yake. Watoto wa shuleni walikuwa wamemwambia ndiye. Milcah alicheka tu, akamwambia alale mapema. Hakumwambia ndiyo, lakini hapana pia hakuisema.

Harufu ilikuja wiki ya tatu. Ilikuwa harufu ya manyoya ya kuku yanapobabuliwa motoni, na ilikuja siku ambazo hakukuwa na kuku wala moto, ikipanda ngazi na kushuka, ikitulia kwenye chumba cha chakula wakati wa mchana jua likiwa limejaa dirishani. Baada ya harufu kikaja kikohozi. Kilikuwa kikohozi kimoja tu, kikavu, cha mwanaume anayetaka mkewe ajue kwamba amefika. Milcah alikisikia akiwa anasugua sinki, na kabla hajafikiri alikuwa amekwisha kuitika.

Jumapili ile alivaa gauni lake la kanisani, akafunga mlango wa jikoni, akamuaga Omollo getini. Alishuka barabara inayozunguka michongoma, akaiona kona ambayo ukiipita unaanza kusikia magari ya njia kuu, akawa anawaza kuhusu viatu vya Namalwa. Alipofika konani alisikia kikohozi. Kisha alikuwa jikoni, aproni kiunoni, kisu mkononi, kitunguu kimekatwa nusu, na jua lilikuwa limehama kutoka dirisha hili hadi lile.

Alimkimbilia Omollo. Alikuwa Mluo wa makamo, mtu wa maneno machache, na siku hiyo alikwepa kumtazama.

"Mama Namalwa, si umerudi mwenyewe," alisema. "Ulikuwa unacheka. Nikakuuliza umesahau nini, ukaniambia mzee amekuita."

"Mzee gani, Omollo?"

"Hiyo ndio mimi nilitaka kukuuliza."

Akajaribu tena Jumatatu, na Jumatano akapanda bodaboda akiwa amefumba macho na kumshika dereva kiuno kwa mikono miwili, na siku zote mbili alijikuta mbele ya meko. Bodaboda alimwambia Omollo kwamba mama huyo alishuka konani bila kusema neno, akarudi kwa miguu akijitengeneza nywele. Jumapili ya pili ikapita hivyo, na ya tatu. Namalwa alipiga simu akalia, kisha akapiga bila kulia, na Jumapili ya tatu hakupiga kabisa. Hilo ndilo lililomvunja Milcah. Na huku nje umaarufu ulizidi kupanda, kwa maana kila siku saa kumi alasiri simu ilijikuta imeegemea kopo la sukari na yeye alijikuta mbele yake akipika, akitaniana na watu, mzuri kuliko alivyowahi kuwa, na ndani ya huyo mama mcheshi mwanamke mwingine alikuwa akipiga kelele asisikiwe na mtu, na watu waliandika, mum siku hizi unang'aa, ndoa inakupenda.

Omollo ndiye aliyeleta msaada. Zamani alilinda duka la vitabu na manukato karibu na msikiti mmoja wa Parklands, na mwenye duka, Maalim Shabani, mzaliwa wa Mumias, alijulikana kwa kuwasomea watu wenye matatizo ya aina hii. Alikuja Ijumaa baada ya swala, mzee mfupi mwenye kofia na viatu vya raba. Hakuingia. Alisimama nje, akazungumza na Milcah kupitia kidirisha cha geti.

"Karibu ndani, Maalim," Milcah alisema kwa mazoea.

Mzee aliinua kidole. "Neno hilo usilitumie tena hapa. Niambie, ulimpa nini?"

"Imondo."

Mtu wa Mombasa angehitaji kuelezwa, lakini huyu alikuwa wa Mumias, na alitikisa kichwa taratibu kwa masikitiko ya mtu wa nyumbani.

"Mwanangu, na kwetu mwanamke anampa nani imondo?"

Milcah alijibu huku machozi yakimtoka. "Bwana yake."

"Na ulimpa mbele ya mashahidi?"

"Milioni moja."

"Sasa hiyo ni harusi," Maalim alisema. "Mahali hapa pana mwenyewe tangu kabla ya hizi nyumba, kabla hata ya kahawa iliyokuwa hapa. Alikuwa amekaa zake. Wewe ukasema nyumba ni yako, ukamwita kwa meza, ukampa sehemu ya mume. Hajakuvamia, mama. Anakaa na mke wake, na mke hatoki bila ruhusa."

Alimweleza la kufanya, na Milcah aliona kwamba lilikuwa dogo na lilikuwa kubwa mno. Apike kuku mwingine saa ileile, mbele ya watu walewale, moja kwa moja. Firigisi aile yeye, kwa mdomo wake. Aseme nyumba si yake, aseme yeye ni nani, aseme hana mume humo. Kisha azime simu, aiache hapo, atoke. Asiage, asigeuke nyuma. Maalim angekuwa nje ya geti akisoma.

"Mimi naweza kumtoa kwako," alimalizia. "Kwingine alikotengewa sahani, huko sifiki." Milcah alidhani anawasema wale wanawake wa mitandaoni, na siku hiyo hakuwa na nafasi ya kuwahurumia wengine.

Jumamosi saa kumi kasorobo kuku alikuwa akichemka. Watu waliingia kwa maelfu, mioyo myekundu ikipanda kioo cha simu kama povu la uji. Milcah aliopoa firigisi akaiweka kwenye kisahani chenye ukingo wa buluu, na mara harufu ya manyoya yaliyobabuliwa ikaja, si kutoka ngazini safari hii bali kutoka nyuma ya shingo yake. Alisikia kiti kikivutwa. Alisikia hatua, moja, mbili, za mtu asiye na haraka kwa sababu yuko kwake, na mkono ukatua begani mwake, mzito na wa moto, na aliposhusha macho kutazama simu alimwona kwa mara ya kwanza, shati jeupe, bega pana, kichwa kikiwa kimegeuzwa upande, kikianza sasa kugeuka, polepole, kuelekea watu. Alifungua mdomo aseme nyumba si yangu na mdomo ukasema karibuni nyumbani kwetu, alijaribu tena na ukasema mzee yuko hapa ameshinda akiwangoja, akasikia kicheko chake mwenyewe kikitoka kizuri na kitamu, miguu ikaanza kumpeleka mezani na kisahani mkononi, na maoni yakakimbia, wow, hatimaye, geuka mzee, geuka tukuone, na Milcah, ambaye kilichokuwa kimebaki chake hapo ni mkono mmoja tu, wa kushoto, usiotumika kupakulia, aliinyakua ile firigisi ikiwa bado inatoa mvuke akaitia mdomoni.

Ilimuunguza ulimi. Maumivu yale yalikuwa yake, hayakuwa ya mtu mwingine, na nyuma ya maumivu akaikuta sauti yake. Alitafuna, akameza.

"Mimi naitwa Milcah," alisema, na sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Hii nyumba si yangu. Mimi nimeandikwa hapa kupika. Sina bwana kwa hii nyumba, sijawahi kuwa naye. Nilidanganya."

Mkono ulitoka begani. Mioyo ilikoma, ikafuatwa na matusi, tapeli, mboch wa jikoni, umetuchezea, na Milcah aliyasoma machache akaona hayamuumi. Alizima simu akaiacha pale. Alivua aproni akaitupa sakafuni, akatoka kwa mlango wa jikoni bila kugeuka, akampita Omollo, akampita Maalim aliyekuwa akisoma kwa sauti ya chini huku jasho likimtiririka, akashuka barabara. Konani hakusikia kitu. Alipita. Alisikia magari ya njia kuu, akalia kwa sauti mpaka mwuza matunda akamwuliza kama amefiwa.

Kangemi alifika kabla ya giza. Umaarufu ulikuwa umekwisha, na kazi ilikuwa imekwisha pia, maana Bi Kihara angeona video kabla hajalala. Milcah alipanda ngazi hadi ghorofa ya pili akihesabu tu mambo aliyobakiwa nayo, na yote yalikuwa nyuma ya mlango mmoja. Namalwa alimrukia, akamkumbatia kiuno, hakumwachia. Millicent alimwambia kwa furaha kwamba mambo mengine wataongea kesho, akafunua sufuria, akaonyesha kuku waliyembakishia.

"Mtoto ndio alisema leo utakuja," Millicent alieleza. "Tangu asubuhi anasema. Ikabidi nimchinje huyo mmoja wa krismasi."

Milcah alitabasamu, akakaa. Kisha akaona kisahani. Kilikuwa cha plastiki, cha mtoto, kimewekwa mbele ya kile kiti kizuri cha Millicent ambacho hakikaliwi na mtu. Kilikuwa tupu, na kikavu. Akawaza kwamba labda dada yake amekiosha. Alikuwa bado anaitafuta sababu alipoisikia harufu.

"Namalwa," alisema taratibu. "Nani aliweka hiyo sahani?"

"Ni mimi, kama siku ile ya kwanza." Mtoto alichukua simu ya Millicent, akamwonyesha kwa fahari. Alikuwa amejirekodi Jumapili ya tatu, peke yake, Millicent akiwa kanisani, akiwa amesimama kando ya jiko na kipande cha firigisi ya kununuliwa mkononi. Hii ni ya baba, alikuwa akisema kwenye video, mwenye nyumba, karibu baba. Waliotazama walikuwa wengi. Wa kwanza alikuwa ameandika, mtoto mtamu sana, na huyo msee wa shati jeupe nyuma yako ni nani?

"Mlango," Milcah alimwambia Millicent, lakini kwa kunong'ona. "Fungua mlango."

"Usiogope, mum," Namalwa alisema. "Nilikuwa nalia kwa sababu hukuja, na yeye akakuja. Akaniambia ninyamaze, ati wewe utakuja mwenyewe."

Nyuma ya pazia lililogawa chumba, upande wa kitanda, mwanaume alikohoa mara moja. Milcah alitaka kumshika mtoto mkono wakimbie. Mkono wake ulinyooka kwa amri isiyo yake, ukalipita bega la Namalwa, ukaitungua aproni ya Millicent iliyoning'inia msumarini.